Mkwe Aliyeomba Unga

Ukienda Homa Bay kutoa ayie, ile sehemu ya mahari ya kumridhisha mama mkwe, sharti uwe na pesa, wazee wanaojua kusema, na gari lisilotia aibu. Kwetu Migori suala la gari lilishamalizwa zamani: unakodi Probox. Hakuna mshenga aliyeoza vijana wengi Nyanza Kusini kuliko Probox. Inabeba wajomba, kreti za soda na ndama kwa safari moja, na ikizima njiani hata mchunga mbuzi anajua pa kuigonga. Lakini mdogo wangu ana ugonjwa wa ukoo wetu, nao ni sifa. Akanunua Mazda RX-8 nyekundu.

Alikuwa na hoja. Logbuku ilisema cc 1308. "Kaka, hii ni saizi ya Vitz," akaniambia, "petroli itakuwa inanusa tu." Namba ilikuwa ya kweli, ila injini yenyewe si ya ukoo wa Vitz. Injini ya pistoni kama ya Vitz huwasha kila silinda mara moja kwa mizunguko miwili ya shafti. Hii ina vyumba viwili vya cc 654, na kila kimoja huwaka kila mzunguko. Kwa hiyo inakunywa kwa midomo ya gari la ukubwa maradufu. Tena, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na RX-8 ziliacha kuundwa mwaka 2012. Hiyo ilikuwa imezunguka mikononi mwa watu Nairobi miaka mingi kabla ya kutuangukia sisi. Muuzaji alisema imechoka kidogo. Ilifika Migori mgongoni mwa lori.

Fundi wetu ni bingwa, simsemi vibaya. Amefufua matatu zilizoombolezwa na trekta za miwa kule Awendo. Alipomaliza kuifungua ile injini alinyamaza, akawaita vijana wake, akawauliza nani ameficha pistoni. Hakukuwa na pistoni. Hakukuwa na vavu wala kamshafti. Kulikuwa na pembetatu mbili za chuma zilizovimba mbavu, kila moja ikizunguka ndani ya chumba chenye kiuno kama ganda la njugu. Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyeiota ndoto hiyo, na injini ya kwanza ya aina yake ilinguruma mwaka 1957. Kiwanda cha NSU kikaitia kwenye gari lake la Ro 80 mwaka 1967, na inasimuliwa kwamba wenye magari hayo walipopishana barabarani walinyoosheana vidole: kidole kimoja kwa kila injini iliyokwisha kubadilishwa. Mdogo wangu hataki kusikia habari za vidole. Yeye husimulia 1991 tu, mwaka ambao Mazda 787B ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Habari hiyo inajulikana sasa na kila mwenye kibanda cha chapati Migori.

Injini ikafungwa upya kwa spea zilizotoka Nairobi, na pale ambapo spea zilipungua, kwa kile kilichopatikana duka la karibu. Ikawaka. Tukachoma nyama. Asubuhi chini yake pakawa na dimbwi.

Kama hujawahi kuwa na gari linalovuja oili, hujui una jamaa wangapi. Kila mpita njia aliinama, akachungulia, akatoa hukumu. Tone lilianguka pale injini inapokutana na giaboksi, kwa hiyo wengi walisema ni sili ya nyuma. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ni sampu. Mjomba wetu, aliyewahi kuendesha lori la serikali, alisema gari jipya bomani hukojoa mpaka lizoee. Sampu ikashushwa, ikapakwa silikoni, ikarudishwa, ikavuja, ikashushwa tena, silikoni ikaongezwa mpaka ikafura pembeni. Hapo ndipo niliingiwa na hofu, maana silikoni inayofura nje hufura na ndani pia, na kipande kikikatika huenda kuziba chujio pale oili inapovutwa. Fundi akanituliza kwamba silikoni yake ina nidhamu.

Siku ya ayie ikafika oili ikidondoka. Tulipita Awendo nyuma ya trela za miwa, tukakunja kushoto Rongo, tukaacha alama Rodi Kopany tuliposimama kumwonyesha rafiki mmoja wa mdogo wangu gari, na hatimaye tukaingia boma la wakwe. Uwanja ulikuwa umefagiliwa ukafagilika, mistari ya ufagio imelala sambamba. Katikati ya mistari hiyo ndipo tulipoegesha.

Kwanza, mjomba hakuweza kutoka. Milango ya nyuma ya RX-8 hufunguka kinyume, na haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe. Kwa nje haionyeshi hata mkono wa kushika. Bwana harusi, kwa kihoro, alikuwa ameshuka na kubamiza wa mbele. Msemaji wetu mkuu akasalimiana na wakwe kupitia kioo, akipunga mkono kwa heshima. Alipotolewa, kuku walikuwa wamekwisha kuligundua dimbwi. Kuku akikanyaga oili haendi kujificha. Huenda varandani, kwenye saruji iliyosuguliwa kwa ajili ya wageni. Mama mkwe alizitazama zile nyayo nyeusi, akamtazama mdogo wangu, kisha akatazama ng'ambo, kwa sababu mama mkwe wa Kijaluo hamkaripii mkwe. Anaangalia ng'ambo tu. Ni afadhali kukaripiwa.

Na mkwe aliyevaa suti hawezi kulala kifudifudi chini ya gari mbele ya mama mkwe. Kwa hiyo kijana mmoja wa boma akateremka ziwani, akarudi na fundi wa injini za boti, mwenye sanduku la spana na harufu ya omena. Hakuinama. Kati ya wote waliowahi kuutafuta uvujaji ule, yeye ndiye wa kwanza kufungua boneti. Akauliza mistari ya oili iko wapi, akaisugua injini kwa mafuta taa, akaikausha, kisha akasema: "Nileteeni bakuli la unga."

Ujumbe huo ulipitia kwa watoto wawili na shangazi mmoja. Ulipofika jikoni ulikuwa umekuwa hivi: wageni kutoka Migori wanaomba unga. Ndani kukawa kimya. Kisha likaja jibu, la upole sana, kwamba chakula kinapakuliwa, wageni wavumilie kidogo. Nyuma ya jibu likaja bakuli la unga wa mtama, kwa tahadhari.

Fundi akaunyunyiza kote kwenye injini, akaiwasha, akangoja. Unga mkavu hubaki mkavu. Pale oili inapopita hulowa na kuchora njia. Njia ikajichora: ilianzia juu kabisa, kwenye kikalio cha chujio la oili, ikateremka mgongoni mwa injini hadi kwenye giaboksi, ndipo ikadondoka mahali palipokuwa pameshapewa hukumu na Migori nzima. Akakifungua kikalio, akachomoa oringi iliyovimba na kulegea. "Hii ni ya mfereji wa maji," akasema. Mpira wa mfereji hauna ugomvi na maji, lakini oili huunywesha mpaka ukafura. Katika sanduku lake la boti akapata oringi ya mpira unaostahimili oili, iliyolingana. Tulikuwa tumemaliza kabla ya samaki kufika mezani, na tulikula kwa haya, tukijitahidi tusionekane wenye njaa.

Ayie ilikubaliwa. Gari halivuji tena, na hapo ndipo taabu mpya ilipoanzia, kwa sababu oili bado inapungua. Nimemweleza mdogo wangu kwamba injini hii imeundwa hivyo: ina pampu ndogo inayonyunyiza oili kidogo ndani ya vyumba vya moto ili ncha za zile pembetatu zisisagike, na oili hiyo huungua na petroli. Hanielewi. Kila usiku anatandika boksi chini ya gari, kila asubuhi linakutwa kavu, na ukavu huo unamkosesha usingizi kuliko dimbwi. Mjomba ana hakika kuna jirani anayeiba. Ameshauri tutie kufuli kwenye boneti, na ufunguo akae nao yeye.