Jinsi ya Kuanikwa Katonga Bila Kupimwa Mizani

Dagaa wa Katonga, mwalo wa Kigoma, ana bahati moja ambayo mgeni hana: akianikwa, yupo mtu wa kumgeuza. Mama wa mwaloni anajua saa ya kumtandaza, saa ya kumpindua na saa ya kumwanua. Mgeni aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuliona ziwa hujitandaza mwenyewe mchangani, upande mmoja tu, tangu saa nne asubuhi, na wa kumwanua hayupo. Usiku mabega yanawaka moto, shuka halishikiki. Mwongozo huu ni wake, pamoja na mwenyeji anayemcheka.

Ili uungue vizuri, anza kwa kuamini kwamba mtu mweusi haungui. Imani hii haina gharama wala haihitaji kofia. Ni kweli melanini ni kinga, ila watafiti waliowahi kuipima kwenye ngozi nyeusi waliikadiria kuwa kama losheni ya namba 13 hivi, na hakuna daktari wa ngozi atakayekuruhusu kushinda juani kwa namba hiyo. Usisubiri wekundu unaouona kwenye picha za Wazungu. Kwetu ngozi hukaza, huwasha, huwa nyeusi zaidi, kisha baada ya siku chache hubambuka shingoni na puani, na wewe unawaambia watu kwamba ni maji ya Kigoma yamekukataa.

Kisha chagua saa mbaya. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndipo mionzi inayounguza huwa kali, na kipimo chake unatembea nacho bure: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, ondoka. Kigoma iko karibu nyuzi tano kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini hasa, na kivuli chote unakikanyaga. Usiseme leo kuna mawingu. Wingu jepesi huzuia joto likapitisha mionzi. Wala usiuamini upepo wa ziwani. Upepo unakupoza tu, haukukingi, na ndiyo maana wengi huungua bila kuhisi chochote mpaka wamerudi nyumbani. Kujitumbukiza majini nako hakusaidii sana: Shirika la Afya Duniani linasema nusu mita chini ya maji mionzi bado hufika kama asilimia 40 ya ile ya juu.

Mtu wa kuiga ni mvuvi wa dagaa. Yeye huingia ziwani jioni, huwavuta dagaa kwa taa usiku kucha, na jua likipanda analala zake. Shida ni kwamba mzigo wake hufika asubuhi, na anayeupokea hana namna ya kuliambia jua lisubiri. Wanawake wa mwaloni hufanya kazi katika saa zilezile ambazo kila mwongozo, huu ukiwamo, unakuambia uzikimbie. Watazame wanavyovaa: mikono mirefu, kitenge hadi kwenye kifundo cha mguu, mtandio, na kofia pana juu ya mtandio. Mgeni mwenye kaptula huwaona kama watu wanaosikia baridi. Hao ndio wamehitimu. Na siku hizi dagaa wanajengewa vichanja ili wasilale mchangani. Itakuwa vizuri wanaowageuza nao wakijengewa kibanda cha kivuli, maana hata dagaa akishakauka hutiwa ghalani.

Kofia iwe yenye ukingo wa kufunika masikio na shingo. Stanley aliivua yake kumwamkia Livingstone pale Ujiji, mwaka 1871. Nawe ukitaka adabu hiyo, sharti uwe nayo kwanza.

Sasa mafuta. Kigoma hutakosa mshauri wa kukupa mawese, kwa hoja kwamba ni mekundu kwa hiyo ni dawa, au mise, mafuta ya kokwa za mchikichi, kwa hoja kwamba bibi yake alijipaka. Mise hulainisha ngozi, mawese hunogesha maharage, na yote mawili hayawezi kushika nafasi ya losheni ya kuzuia jua. Losheni yenyewe iwe namba 30 au zaidi, ipakwe kabla ya kutoka na irudiwe kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini. Mwili mzima wa mtu mzima unataka mililita 30 hivi, kwa hiyo tone la kupaka puani ni la kujipigia picha. Na wewe unayetumia mkorogo, umelipa fedha kuondoa kinga uliyozaliwa nayo, kisha unanunua nyingine ya kwenye chupa. Wauza duka wanakuombea maisha marefu.

Ukishaungua, ingia kivulini. Mwagia maji ya baridi ya kawaida, au weka kanga iliyolowa. Barafu usiiweke moja kwa moja. Kunywa maji mengi. Utomvu wa mshubiri hutuliza, na paracetamol hupunguza maumivu. Malengelenge yaache bila kuyatoboa. Dawa ya meno ibaki kwa meno, na mafuta ya taa yabaki kwenye taa. Maumivu yakizidi siku ya pili si ajabu, lakini homa, kutapika, kizunguzungu au malengelenge makubwa ni vya hospitali, na mtoto mchanga aliyeungua apelekwe bila kusubiri dalili.

Utani wote huu ni wa mwenye melanini. Kwa mwenye ualbino, jua lilelile huleta saratani ya ngozi, tena mapema. Mkoa huuhuu wa Kigoma, huko Kabanga wilayani Kasulu, watoto wenye ualbino walikusanywa ndani ya uzio ili wasiuawe na binadamu wenzao. Uzio ulizuia mtu, haukuzuia jua. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Losheni peke yake haitoshi pale ambapo mtoto anasimamishwa paredi saa nne bila kofia kwa sababu kofia si sare. Mwalimu wa Katonga, wa Ujiji, wa Kibirizi: mruhusu avae kofia na mikono mirefu, mkalishe mbali na dirisha lenye jua na karibu na ubao, na siku ya michezo mpe kazi ya kivulini. Hilo halihitaji waraka wa wizara.