Nyumba Hii Ina Mapaa Mangapi?

Mtu wa Migori akisema anakwenda Homa Bay, swali la kwanza ni nani amefariki. Akijibu kwamba hakuna msiba, ni likizo tu, ataulizwa kama Mombasa imejaa. Kwetu likizo lazima iwe na bahari, madafu na picha juu ya ngamia. Ziwa ni mahali pa kununua omena. Lakini kusafirisha familia nzima hadi pwani mwezi wa Novemba, shule zimefungwa na karo ya Januari inanyemelea, ni kuuza ng'ombe. Na mke wangu alikuwa amekwisha kuona kwenye simu nyumba ya kupangisha kando ya Ziwa Victoria: vyumba vitatu, baraza linalotazama maji, wageni wanajipikia wenyewe. Niliuliza "wenyewe" hapo ni nani hasa. Sikujibiwa, nilitazamwa.

Tulipita Awendo tukiwa nyuma ya matrekta ya miwa, tukakata kona Rongo, tukapita Rodi Kopany na kuteremka mjini. Vuli ya huku haina adabu. Asubuhi jua linakuchoma kisogo, alasiri mawingu yanakusanyika juu ya maji, na jioni radi inapasuka hadi vikombe vinatikisika kabatini. Baraza lilikuwepo kama tulivyoahidiwa. Maji ndiyo hayakuwepo. Picha ya tangazo ilipigwa siku ambayo upepo ulielekea kwingine. Siku yetu ulikuwa umesukuma magugu maji ya Ghuba ya Winam yote, naona, hadi miguuni petu, na mbele ya baraza palitanda kijani kitupu ambacho Gor Mahia wangeweza kuchezea mechi. Kitinda mimba wetu aliuliza ziwa liko wapi. Keateka wa nyumba alimwambia asubiri upepo. Magugu hayo yamekuwa upande wetu wa ziwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, yameletewa wadudu wa kuyala na mashine za kuyang'oa, lakini keateka anauamini upepo peke yake. Kesho yake alfajiri magugu yalikuwa yamehama, yamekwenda kumharibia likizo mtu mwingine.

Jikoni, kwa mujibu wa tangazo, mlikuwa na kila kitu. Mlikuwa na glasi za mvinyo zenye miguu mirefu, kikamulio cha ndimu, kisu cha jibini na vijiko viwili vya mbao vya kuchanganyia saladi. Mwiko haukuwamo. Sufuria kubwa kuliko zote ingetosha ugali wa mgonjwa mmoja. Gesi iliyobaki mtungini ilikuwa ya kuchemsha chai, na sisi tulikuwa tumenunua mbuta ufuoni, baada ya mke wangu na mama muuzaji kubishana hadi wote wawili wakafurahi, na mbuta huyo alikuwa mrefu kuliko sinki. (Mbuta naye ni mgeni hapa. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akawala wenyeji, akahamia moja kwa moja. Hakuna aliyemwambia ajipikie.)

Mke wangu alianza kusonga ugali kwa kijiko cha saladi. Kikakatika shingo. Jirani mmoja aliyekuwa akianua omena zake kabla ya mvua alisikia kelele, akaja hadi dirishani, akatazama kile kipande cha kijiko kilichosimama katikati ya ugali, akaondoka bila neno. Alirudi na mwiko, jiko la makaa na binti yake. Kuanzia hapo tulijipikia kwa maana ya kwamba tulikaa karibu na waliokuwa wakipika. Taa ya jikoni ikawaita sami, wale wadudu wa ziwani wanaoibuka kwa mamilioni, wakamiminika kwenye mchuzi; tukaizima taa, tukala gizani, na hakuna aliyeuliza anatafuna nini.

Halafu mama mkwe akaja.

Alitoka Kendu Bay kwa matatu, kuku mkononi. Kwa mila zetu Wajaluo, mama mkwe haingii ovyo katika boma la mkwewe, na wawili hao hawalali chini ya paa moja. Lakini alikuwa amepiga hesabu zake: hili si boma la mkwe, ni nyumba ya watu. Angeona wajukuu, angeonja samaki, angerudi kwake jua likiwa juu. Saa kumi na nusu mvua ikafungua. Ilipofika saa moja usiku, stima ilikuwa imekwenda, matatu ya mwisho imekwenda, na mwendeshaji boda boda tuliyempigia alitucheka kwa heshima.

Mjomba wa mke wangu, aliyeko Oyugis, alipigiwa simu atoe uamuzi. "Nyumba ni ya nani?" Ya mtu wa Nairobi. "Nani amelipa?" Nikasema mimi. "Basi usiku wa leo ni nyumba yako." Mke wangu akapaza sauti kwamba aliyelipa ni yeye, mimi nililipa petroli. Mjomba akaomba muda wa kufikiri, kisha simu yake ikaisha chaji. Kaka yangu wa Migori alishauri tukague mabati: kama baraza lina paa lake mbali na la nyumba, nitandikiwe barazani, mambo yaishe. Nikatoka mvuani na tochi. Mabati yalikuwa ya rangi mbili, lakini boriti ilikuwa moja.

Niliporudi ndani nikitiririka maji, mama mkwe alikuwa akiwasimulia watoto habari za Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi karibu na kwao ambako heroe hutua. Zamani, alisema, palikuwa na kijiji mahali pale, na watu walikuwa kwenye sherehe. Jioni akatokea ajuza amechoka, akaomba mahali pa kulala. Wote wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja. Usiku mvua ikanyesha, na kijiji chote kikazama.

"Nyanya, mvua ilikuwa kubwa kama hii?"

"Ilianza hivi hivi."

Hakunitaja wala hakunitazama. Nikachukua blanketi, nikaenda kulala kwenye gari.

Kibandiko mlangoni kilikataza wageni kutoka nje usiku kwa sababu ya viboko. Hakikusema lolote juu ya mgeni ambaye tayari yuko nje. Saa nane mvua ilikatika, nikasikia nyasi zikinyofolewa. Kiboko alikuwa amepanda kutoka ziwani, anajilia bustani karibu kabisa na kioo cha nyuma, taratibu, kwa starehe ya mtu aliyelipia chumba. Uzito wa kiboko mzima hupita tani moja na mbio zake humshinda mtu, na mimi nilikuwa na haja ndogo tangu saa sita. Nikampigia mke wangu. Akanong'ona: "Usipige honi, Mama amelala."

Asubuhi mama mkwe aliniuliza kama nililala vizuri. "Vizuri sana, Mama." Akasifu nyumba, akalaumu sufuria. Kisiwa cha Rusinga tulifika baadaye, tukaona kaburi la Tom Mboya. Mbuga ya Ruma hatukufika, matope yalitushinda.

Tukirudi nyumbani nilikuwa nikiwafikiria wazee waliojenga Thimlich Ohinga, kule kwetu Migori. Walipanga kuta za mawe bila tone la saruji, na ndani ya ukuta watu wakaishi katika nyumba mbalimbali. UNESCO iliziingiza kuta hizo katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wataalamu wana sababu zao za kuzisifu, mimi nina yangu.

Kwa hiyo wewe unayepanga kuja Homa Bay Desemba, picha za baraza usizijali, wala usiulize kama kuna intaneti. Kabla hujatuma amana, muulize mwenye nyumba mapaa ni mangapi.