Shajara ya Vidole Vinane

Jumatatu
Cardiff, mvua. Mwalimu ameagiza robo saa ya kupasha vidole kabla ya wimbo wowote. Vidole vyenyewe ni vinane. Kidole cha mwisho hakipigi kinubi kwa sababu ni kifupi. Hukaa pembeni kama mjomba shughulini. Zoezi: vidole vinne vitue juu ya nyuzi nne kwa pamoja, kisha kipige kimoja kimoja, na kila kilichopiga kikunjwe hadi kiganjani huku vingine vimetulia. Kidole cha pete kilifuata wenzake bila kuitwa. Nikavitia vyote kwenye beseni la maji ya moto. Mwalimu akapiga simu kunikataza: ngozi ikilainika huota malengelenge. Sijui nani alimwambia.

Jumanne
Kinubi kina nyuzi 47. Za chini ni za waya, za juu aghalabu nailoni, za katikati ni utumbo wa ng'ombe, na utumbo haupatani na hita inayokausha hewa usiku kucha. Saa tisa usiku ukasikika mlio. Jirani wa juu, mama wa Kimombasa, akashuka na kanga mabegani.
“Kuna nini, mwanangu?”
“Si kitu, mama. Utumbo umekatika.”
Akaniambia nisijitikise. Akarudi na chai ya tangawizi na namba ya daktari. Chai nimekunywa.

Jumatano
Leo mazoezi ya Bochsa, ambayo wanafunzi wa kinubi wanayapiga hadi leo. Bwana huyu alikuwa katika orkesta ya Napoleon, akaghushi nyaraka na sahihi za watu, akakimbilia London mwaka 1817. Mahakama ya Ufaransa ikamhukumu miaka 12 ya kazi ngumu naye hayupo. Mwaka 1839 akaondoka na mwimbaji Anna Bishop, mke wa mtunzi mwenzake, wakazunguka dunia hadi Bochsa akafia Sydney mwaka 1856. Niliyatazama mazoezi yake kwa makini. Yote yamenyooka. Mkono wa kushoto unarudia unachosema wa kulia, bila ubishi, ukurasa mzima. Ukurasa wa pili umeng'olewa na aliyekuwa na kitabu kabla yangu.

Alhamisi
Miguu nayo hupashwa. Pedali ni saba: mguu wa kushoto unashika D, C na B, wa kulia E, F, G na A. Kila moja ina vituo vitatu, na kila kituo hubadilisha nyuzi zote za jina hilo kwa nusu sauti. Mfumo huu Sébastien Érard aliuwekea hataza mwaka 1810. Ndala yangu imenasa chini ya pedali ya F, na F zote zimegoma kupanda. Jirani wa chini amegonga dari yake mara kadhaa, kwa mapigo yaliyo sawa kuliko yangu.

Ijumaa
Shangazi kapiga simu ya video kutoka Tanga, anataka kusikia muziki. Nikampigia zoezi la vidole vinne, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kwa heshima.
“Bado unakifunga?”
“Hapana, shangazi. Ndiyo napiga.”
Akanyamaza. Nikaburuta dole gumba juu ya nyuzi zote, toka chini hadi juu, jambo ambalo hata paka analiweza. Akalia machozi, akaita majirani.

Jumamosi
Harusi. Kinubi kina takriban kilo 40 na kanisa lina ngazi. Nikaweka kiti, nikaanza kupasha kwa zoezi la Bochsa, polepole, noti nne nne. Bibi harusi akaingia kabla ya saa, jambo ambalo kwetu halijapata kutokea. Kuacha zoezi katikati ingekuwa kumsimamisha mlangoni, basi nikaendelea. Alipofika mbele nilikuwa bado kwenye mkono wa kushoto. Wimbo waliolipia haukupigwa, wala hakuna aliyeuulizia.

Baadaye mama wa bibi harusi akanishika mkono, macho mekundu, akauliza ule muziki ni wa nani.
“Bochsa.”
“Lazima alikuwa mcha Mungu.”
Nikamwambia alifia Sydney.