Sifa za Maji Yasiyotoa Povu

Jumamosi asubuhi huko Katesh, chini ya Mlima Hanang, mama mmoja ameweka beseni mbele ya mlango, amemimina ndoo ya maji ya kisima na anasugua mche wa sabuni kwenye kola ya shati jeupe la shule. Anasugua, anageuza, anasugua tena. Povu linachungulia, linaona hali ilivyo, linarudi lilikotoka. Juu ya maji unabaki utando wa kijivu unaoganda pembeni mwa beseni kama uji wa jana. Binti yake, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, anauliza sabuni hiyo imenunuliwa duka gani.

"Sabuni haina neno, mwanangu," mama anajibu bila kuinua kichwa. "Maji ndiyo yenye maneno."

Vitabu vya sayansi huyaita maji magumu. Mitaani ni maji ya chumvi tu, hata pale ambapo ulimi hauonji chumvi yoyote. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hutoka kwenye visima vingi, na rafiki hayana. Wafuaji huyalaani, mama ntilie huyanung'unikia, mafundi wa hita huyachekea pembeni kwa kuwa yanawaletea wateja. Wairaqw wana slufay, maombi ya kishairi ambayo mzee huyatamka mbele ya watu na wenzake wakaitikia. Kama yupo mzee aliyewahi kusimama kuomba maji yasiyotoa povu, basi alinong'ona. Kwa hiyo makala haya yanajitolea kuwa wakili wa maji hayo, bila malipo.

Tuanze na nasaba. Maji ya mvua hushuka mikono mitupu. Yakizama ardhini hukutana na kabonidayoksaidi iliyomo kwenye udongo, yanapata uchachu kidogo, na kwa uchachu huo yanalamba miamba na kubeba kalsiamu na magnesiamu. Yanayopandishwa na pampu si yale yaliyoshuka: yamesafiri, yamekaa gizani, yamerudi na mizigo. Binadamu akirudi safari na mizigo hupokewa kwa vigelegele. Maji yakirudi nayo hutukanwa. Wapimaji huihesabu mizigo hiyo kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja: chini ya 60 ni maji laini, na yakivuka 180 mara nyingi huitwa magumu sana.

Sasa ukarimu wake. Sabuni ya mche, ambayo ni mafuta yaliyopikwa kwa kostiki, ikikutana na kalsiamu huacha kazi ya uchafu na kufunga ndoa na mgeni huyo hapo hapo. Ule utando wa kijivu ndio cheti cha ndoa. Mpaka kalsiamu yote iwe imepata mwenzi, povu halitoki. Hebu tupige hesabu ya kisima chenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita: ndoo moja ya lita 20 itakula takriban gramu 37 za sabuni halisi kabla nguo haijapata chake. Anayefua kwa ndoo tatu amekwisha kutoa sadaka ya zaidi ya gramu 100, na hapo hajasuuza. Sadaka za namna hii kwa kawaida hutangazwa kanisani. Hii inatolewa kimya kimya, uani, kila wiki, na wanaonufaika ni wenye viwanda vya sabuni.

Tena maji haya hayapendi majivuno. Shati la shule likiingia jeupe, baada ya muhula mmoja huwa na rangi ya wingu la masika, kwa sababu ule utando hunasa kwenye nyuzi na kukaa na uchafu uliokuja kuutoa. Taulo hukakamaa hata likaweza kusimama lenyewe. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa mchungaji wa ng'ombe hufanana kola. Walioharibu usawa huo ni watengenezaji wa sabuni za unga za kemikali, zilizoenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili: kisafishaji chake hakigandi kirahisi na kalsiamu, na ndani ya pakiti huwekwa pia soda au zeolaiti za kuishika. Ndiyo maana Katesh mche hubaki kwa ajili ya kola, na nguo zilizobaki hupewa unga.

Hata wasomi wamepata riziki kwa maji haya. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Michael Spiro na Deogratius Jaganyi wa Imperial College, London, kuhusu utando unaoelea juu ya kikombe cha chai. Jaganyi huyo ndiye ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Waligundua kwamba utando hauji mpaka maji yawe na kalsiamu pamoja na bikaboneti, na kwamba kitu chachu huuzuia. Mtu wa Dongobesh, huko Mbulu, anayekamulia ndimu kwenye chai ya rangi na kuona uso wake unang'aa anarudia jaribio la maabara ya London kwa bei ya ndimu moja.

Lakini kazi ya mikono ya maji magumu iko ndani ya birika. Kila yanapochemka, bikaboneti huvunjika na kalsiamu hutua chini kama chokaa, tabaka juu ya tabaka, mithili ya pete za mti. Birika la nyumba ya zamani huwa zito hata likiwa tupu, na ukilitikisa vipande hucheza ndani kama njuga.

"Mama, hili birika lina kutu nyeupe," anasema mke mpya aliyeingia jikoni kwa mama mkwe.

"Si kutu, mwanangu, ni mawe. Yalianza kabla hujaolewa."

Mke mpya anamimina siki na kusubiri. Chini kunaanza kuchemka bila moto: vijipovu vinapanda kwa mstari, sauti kama ya mafuta yanayopata joto, kisha ganda linapasuka na kung'oka vipande vipande, upande mmoja mweupe, mwingine wa rangi ya chai. Bati linaonekana kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Na hilo, kwa kumbukumbu, ndilo povu pekee ambalo maji haya huchangia bila kusihiwa.

Mawe hayo yana gharama, kwa kuwa moto unapasha jiwe kwanza ndipo upashe maji, na kuni au umeme unaliwa. Lakini wakili hana budi kutaja pia kwamba ganda jembamba ndani ya bomba la chuma hulikinga na kutu, na kwamba kalsiamu ya maji ya kunywa ni nyongeza halali kwa mifupa. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya.

Maadui ni wengi, na wa zamani zaidi ni bibi mwenye majivu. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni yana kaboneti, na kaboneti huiangusha kalsiamu chini ya ndoo kabla sabuni haijaguswa. Soda ya kufulia hufanya vivyo hivyo: kwa kisima chetu kile cha miligramu 300, takriban gramu 6 za soda kavu kwa ndoo zinafanya kazi ambayo vinginevyo ingemeza gramu 37 za sabuni. Mskoti Thomas Clark, aliyefundisha kemia Aberdeen, mwaka 1841 alipata hataza ya kulainisha maji kwa kuyatia chokaa. Yaani alitoa chokaa kwa chokaa, jambo linalofanana na kumtoa mgeni nyumbani kwa kumletea ndugu yake. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, Arusha, walichapisha mwaka 2014 jaribio la kuondoa ugumu kwa mkaa wa vifuu vya nazi. Wazo ni zuri, ila mnazi na Mbulu ni watu wasiofahamiana. Na mwenye fedha hununua mtungi wenye chembe za resini zinazoshika kalsiamu na kuachia sodiamu, ambao kila baada ya muda lazima uoshwe kwa maji ya chumvi. Kwa Hanang, wilaya yenye Ziwa Balangida la chumvi, hilo si jambo la kuagiza mbali.

Nyumba iliyolainisha maji hujulikana. Sabuni inadumu, bilauri zinakauka bila madoa, taulo zinakunjika, sinki halina mkanda wa kijivu. Mgeni anayeoga humo mara ya kwanza hujisuuza mara tatu akidhani sabuni bado imo mwilini, kwa sababu ngozi inateleza; kumbe kilichokosekana ni ule utando aliozoea kuuita usafi.

Hapo ndipo wakili anapoacha mzaha kidogo. Mbulu na Hanang ziko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, ambako tatizo zito la maji si povu bali floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia tangu utotoni na, ikizidi sana, kupindisha mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haina rangi, haina harufu, haiachi mkanda kwenye beseni wala jiwe kwenye birika. Mara nyingi huwa nyingi zaidi kwenye maji laini yenye sodiamu, kwa sababu kalsiamu ikiwa tele hushikana nayo na kuituliza. Kwa hiyo kisima kinachotoa povu tamu, kinachosifiwa na kila mfuaji, kinaweza kuwa ndicho cha kuogopwa. Si kanuni isiyovunjika; yapo maji magumu yenye floraidi vilevile. Ila maji magumu angalau hayana unafiki: kila yalichobeba yanakianika hadharani, kwenye kola, kwenye kikombe, kwenye bomba la kuogea.

Na kulainisha hakusaidii hapo. Mtungi wa resini huchukua kalsiamu na kuiacha floraidi ipite. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua kwa mvuke, yanayobaki huwa nayo zaidi. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa, ambayo wengi hutia kwenye maharage kwa kuwa maji magumu huchelewesha maharage kuiva, yenyewe hubeba floraidi. Yafae nguo, chungu kiyakose. Chujio linalofanya kazi hiyo ni la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimelifanyia kazi kwa miaka mingi.

Kwa kufua, basi, mwenye nyumba anaweza kujipimia mwenyewe. Achukue chupa mbili, moja ya maji ya mvua na moja ya kisima, atie kila moja vipande sawa vya sabuni iliyoparuzwa, atikise. Tofauti ya povu itamwambia kama anahitaji kijiko cha soda, au pipa chini ya gata la kukingia maji ya kusuuzia mashati ya shule.

Kwa kunywa, chupa haitoshi. Visima vya vijijini leo viko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Ombi kwao ni dogo: kwenye kila kituo cha kuchotea, kando ya bei ya ndoo, zibandikwe tarakimu mbili kutoka maabara, ya ugumu na ya floraidi, na tarehe ya kupima.