Muulize Mjomba Fyuzi

Safu ya wenye magari yaliyokula chumvi. Ushauri ni bure, waya ni juu yako.

*Mjomba, shikamoo. Nikikanyaga breki, taa ya nyuma kushoto inafifia na indiketa inawaka bila kuitwa. Nimebadilisha balbu hadi muuza spea ananiita bosi. Mke wangu anasema gari limerogwa.*
*Bosi wa Balbu, Tabata*

Marahaba, mpwa wangu. Mwambie shemeji mganga asubiri kwanza. Hiyo ni ethi. Umeme ni mgeni: ukimfungia mlango wa kutokea, atapita vyumbani mwa watu. Waya wa kuurudisha kwenye bodi ukishaliwa na kutu, umeme wa breki hujipenyeza kwenye balbu ya indiketa kutafuta njia, ndiyo maana inawaka kwa aibu.

Chukua kipande cha waya. Ncha moja igusishe waya wa ethi wa taa hiyo, ambao kwenye Toyota nyingi ni mweupe wenye mstari mweusi; ncha ya pili iguse chuma kisicho na rangi. Taa zikitulia, mchawi umemwona. Fungua bolti ya ethi ndani ya buti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi. Balbu zilizobaki mrudishie muuza spea, kama bado anakuita bosi.

*Mjomba, kila nikiwasha taa, fyuzi ya taa za nyuma inaungua. Jirani anasema niizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Yeye alifika nayo Mbeya.*
*Mwenye Jirani, Tanga*

Mpe jirani pole ya safari. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ukiizungushia karatasi, kitakachoungua ni gari, nawe ukiwa ndani.

Toa balbu zote zinazotumia fyuzi hiyo, ya kibao cha namba usiisahau. Mahali pa fyuzi unganisha balbu ya wati 21, kisha washa taa. Ikiwaka kwa nguvu, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Tikisa waya pole pole huku jirani akiitazama hiyo balbu, apate kazi ya maana. Itakapocheza au kuzima, mkono wako upo penye ugonjwa. Anzia kwenye bawaba za buti, kwani kufungua na kufunga miaka nenda rudi hukunja waya palepale hadi ganda lipasuke.

Kata palipoumia, unga waya mpya wa unene uleule, choma lehemu, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi peke yake, kwa joto la Tanga, itabanduka kabla hujamaliza kujisifu.

*Shikamoo Mjomba. Taa za breki hazizimi hata nikiwa nimelala. Asubuhi betri haina kitu, na majirani wanaosukuma siku hizi wakiniona wanaingia ndani.*
*Msukumwaji, Morogoro*

Marahaba. Majirani wana haki. Taa mbili za wati 21 hunywa kama ampea 3.5, betri ya ampea-saa 45 ikikesha nazo, alfajiri haina nguvu hata ya kukusalimia.

Chungulia zulia chini ya pedali. Ukikuta vipande vya plastiki, hicho kilikuwa kifungo kidogo kwenye mkono wa pedali, kinachobonyeza swichi ya breki. Kikizeeka humeguka, swichi ikachomoza kupitia tundu, na gari likaamini unakanyaga breki ukiwa kitandani. Nunua kingine. Kwa leo, bolti fupi na nati vitaziba tundu hilo.

*Mjomba, nimeweka balbu mpya ya nyuzi mbili. Sasa taa ya usiku inang'aa sana, na nikikanyaga breki tofauti haionekani. Iliingia kwa shida kidogo.*
*Mwenye Nguvu, Mwanza*

Uzi wa wati 5 ni wa usiku, wa wati 21 ni wa breki. Wewe umezibadilisha nafasi. Pini za balbu hiyo zimewekwa kwa urefu tofauti makusudi ili isiingie kinyume. Watengenezaji wameshindwa kwako. Itoe, igeuze, na holda ikiwa imepinda nunua nyingine. Balbu ijayo mwachie mwanao aiweke.

Wiki ijayo: honi inayolia yenyewe msibani.