Kwa Baiskeli Hadi Posta: Mwongozo wa Mtu Asiyetaka Kupewa Pole

Kama unakaa Temeke, Buguruni, Mwananyamala au Magomeni na kazi yako iko Posta, mwongozo huu ni wako. Huko kote hakuna kilomita 10 za kwenda. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mwendo unaokuruhusu kujibu salamu za njiani bila kuhema, utakuwa ofisini ndani ya dakika 40, wakati jirani yako bado yuko kituoni akikagua dirisha lipi la daladala linapitika. Mkazi wa Mbagala Rangi Tatu naye anaweza, ila aamke mapema na awe na mapaja. Mkazi wa Kibaha apande basi, sitamdanganya.

Kazi ya kwanza, kabla hata ya kununua baiskeli, ni kujifunza kupokea pole. Siku utakayotokea kazini juu ya kiti cha baiskeli utapewa pole nyingi kuliko mfiwa. Mama ntilie atakuuliza kwa huruma ya kweli, "Pole mwanangu, gari limekufa?" Mhasibu atakuvuta pembeni: "Kaka, vyuma vimekaza?" Wa kwanza mjibu, "Nimeshapoa mama, shikamoo." Wa pili mwambie ndiyo, vimekaza vizuri sana, hasa vya breki. Usijieleze zaidi ya hapo. Ukianza kusema kwamba gari unalo, liko nyumbani, unafanya mazoezi tu, umeshakubali kwamba baiskeli peke yake inahitaji udhuru. Haihitaji.

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo lote. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na sehemu yake kubwa, kutoka baharini hadi Ubungo, haina mlima wa kumtisha mtu mzima. Joto lipo, foleni ipo, vumbi lipo. Lakini kinachowazuia wengi ni kuogopa kudhaniwa kwamba wameishiwa. Baiskeli tumewaachia watu wa mkaa, mikate, maziwa na madafu, kisha tukaamua kwamba chombo chao kinanuka umaskini. Na watu hao ndio wanaotulisha kabla hatujaamka. Mtazame muuza madafu wa Posta anavyoisukuma baiskeli yenye mzigo mzito kuliko yeye, anavyoijua kila tuta na kila kona yenye mchanga, anavyosimama bila kudondosha hata moja. Ukitaka mwalimu wa kuendesha baiskeli mjini, ndiye huyo. Msalimie, nunua dafu, umuulize njia.

Sasa nunua baiskeli. Nenda Kariakoo ukiwa na mtu anayejua, na ujue kwamba utachagua kati ya koo mbili. Kuna Phoenix, ya Kichina, nyeusi, fremu ndefu, magurudumu ya inchi 28, uzito unaopita kilo 20. Haivunjiki, inabeba gunia, na kila fundi wa Tanzania anaijua kwa kuipapasa. Ubaya wake ni breki za vyuma vinavyovuta mpira kuubana kwenye rimu: rimu ikilowa, unavuta na baiskeli inaendelea na safari yake. Waswahili husema chombo cha kuzama hakina usukani. Mwendesha Phoenix kwenye mvua aongeze: wala breki. Ukoo wa pili ni mtumba wa Japani na Ulaya: nyepesi, zina gia, breki zake zinashika, ila kipuri kikifa unaweza kukizungukia Kariakoo nzima. Kwa mtu wa ofisi nasema chukua mtumba wenye gia chache, keria imara nyuma, mabati ya kukinga tope juu ya magurudumu yote mawili na bati la kufunika cheni. Gia zitakufaa Morogoro Road, pale unaposhuka kutoka Magomeni hadi bonde la Jangwani ukijiona shujaa, kisha unaanza kuupanda mwinuko wa kuelekea Fire.

Akina dada, tafuteni fremu ya kike, ile ya chini inayopandwa bila kurusha mguu. Dera, baibui na sketi vinaendesheka kabisa cheni ikiwa imefunikwa na pindo limekunjwa likabanwa. Mluzi mtapigiwa. Mluzi haujawahi kutoboa tairi.

Kisha tafuta fundi, na umtafute kabla hujaharibikiwa. Utamkuta chini ya mwarobaini au mwembe, pembeni ana pampu ndefu ya kukanyagia miguu, kipande cha msasa, gundi, na beseni la maji. Litazame beseni. Fundi anayezamisha tyubu nzima ndani ya maji na kuizungusha polepole hadi kiputo cha mwisho kijitokeze, huyo ni wako. Anayebandika kiraka kwa kusikiliza tu hewa inatokea wapi, mshukuru na uondoke. Mpelekee baiskeli mara kwa mara akaze spoku, atie cheni mafuta, atazame mipira ya breki. Hata ukiambiwa bei ndogo, lipa vizuri. Siku ya pancha saa moja asubuhi, ukiwa na kikao saa mbili, utajua kwa nini.

Barabarani sasa. Soma hapa taratibu, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Tunaendesha kushoto, na mlango wa daladala uko kushoto. Maana yake konda ataruka kutoka garini na kutua mahali ulipo wewe, na abiria watamfuata, mmoja na ndoo, mwingine na mtoto mgongoni. Daladala ikisimama, usijipenyeze kati yake na ukingo wa barabara, hata kama nafasi inaonekana. Simama nyuma uvute pumzi. Ukiona itakaa, geuza shingo, tazama nyuma kwa macho yako mwenyewe, nyosha mkono wa kulia, ndipo uipite kwa kulia. Konda atakupigia kelele, "Anko, baiskeli pembeni!" Mpungie mkono, uendelee kukaa ulipo.

Utakaa wapi? Umbali wa kama mita moja kutoka ukingoni. Wengi watakushauri kinyume, watakwambia mwenye nguvu mpishe, jibane pembeni kabisa. Ushauri huo ni wa hatari. Pembeni kabisa kuna mchanga unaotelezesha gurudumu, kuna vigae vya chupa, kuna bodaboda inayokuja kinyume, na kuna mtaro ambao mfuniko wake haupo. Na ukijibana sana, dereva anaona nafasi ya kupita hata pale ambapo haipo. Ukikaa mita moja ndani, analazimika kukuona na kufanya uamuzi. Kwenye maeneo ya makazi sheria inamtaka asizidi kilomita 50 kwa saa. Wewe timiza ya kwako: nyosha mkono kabla ya kukata kona, simama kwenye taa nyekundu hata kama bodaboda zote zimeshavuka, na ukifika kwenye makutano mtazame dereva machoni mpaka naye akutazame. Mwenye vioo vyeusi huwezi kumtazama machoni, kwa hiyo huyo mpishe. Ndiye pekee.

Vaa kofia ngumu ya baiskeli. Ya bodaboda itakuchemsha ubongo.

Kwenye Morogoro Road utakuta jambo la kufurahisha. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 ulikuja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembeni ya barabara yake, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza la Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa. Njia hizo ni haki yako, zitumie. Utashiriki na bodaboda zilizoegeshwa zikisubiri abiria, na mama wa mihogo ya kukaanga, na kijana aliyetandika viatu vya mtumba. Kengele huwa inaudhi. Maneno yanafanya kazi vizuri zaidi. "Samahani mama, naomba njia" itakufungulia njia mbele ya karai la mafuta ya moto, mahali ambapo kengele ingekununulia ugomvi. Ila usishawishike kuhamia kwenye njia ya mabasi yenyewe kwa sababu ni tupu na ni laini. Basi lenye urefu wa mita 18 halisimami ghafla, na wewe hutalisikia mpaka liwe mgongoni.

Jifunze pepo, kama mababu wa pwani walivyozijua. Kusi linavuma kuanzia kama Mei hadi Septemba, na kwa anayerudi Mwenge au Tegeta jioni ni msaada wa bure, linakusukuma hadi mlangoni. Anayerudi Mbagala analipokea kifuani. Ashushe gia, ainame, asishindane nalo. Kaskazi la Desemba hadi Februari linageuza mambo, tena linakuja na joto lake. Masika ni habari nyingine. Mvua yenyewe haina neno, utalowa na utakauka. Hatari ni maji yaliyosimama barabarani, kwa kuwa huwezi kujua chini yake kuna lami au shimo. Mto Msimbazi ukifurika, Jangwani hapapitiki. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale imewahi kuingiliwa na maji. Siku hiyo zunguka, au baki nyumbani uombe ruhusa. Usimfuate mtu aliyevuka kabla yako. Huenda alijua mtaro uko wapi.

Jasho linawasumbua watu kuliko linavyostahili. Toka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado na adabu. Endesha kwa fulana. Jumatatu panda daladala ukiwa na mashati ya wiki nzima yaliyopigwa pasi, yatundike kabatini kazini, na Ijumaa uyarudishe. Kwenye begi weka kitambaa, sabuni na kanga moja. Ukifika, kaa kivulini dakika 10 kabla ya kujimwagia maji, maana ukiwahi kuoga mwili bado una moto, utatoka jasho tena ndani ya shati safi. Kama ofisi haina bafu, chooni kuna bomba na kopo. Vinatosha kwa mtu aliyelelewa uswahilini.

Getini utakutana na mlinzi.

"Baiskeli haziingii hapa, kaka. Ni maagizo."

"Sawa, afande. Ya kwako umeiweka wapi?"

Usimuulize kwa kumkomoa. Muulize kwa sababu mara nyingi kweli anayo, na iko nyuma ya jenereta, imefunikwa turubai ili wakubwa wasiione. Mwombe uiegeshe ya kwako hapo hapo, uzifunge pamoja kwa mnyororo na kufuli nzuri, kwenye nguzo isiyong'oleka. Taa na pampu panda navyo juu. Kisha andika barua kwa utawala, ya heshima na fupi, ukiomba vyuma vya kufungia baiskeli kwenye maegesho. Eleza kwamba nafasi ya gari moja inatosha baiskeli 10. Wapelekee nakala wenzako wasaini, na mlinzi awe wa kwanza kusaini. Wasipojibu, andika tena. Mwajiri anayewalipia mameneja mafuta hashindwi kuchomelea vyuma vichache kwa ajili ya wasiomgharimu hata lita moja.

Safari ya kwanza usiifanye Jumatatu. Ifanye Jumapili alfajiri, barabara zikiwa tupu, uende hadi getini na kurudi. Hesabu mitaro iliyo wazi, tia akilini vituo ambavyo daladala hujazana, onja njia ya ndani kwa ndani inayopita mitaani, kwa sababu mara nyingi ni ndefu kidogo lakini ina kivuli na watoto wanaokushangilia. Jioni ya kazini uwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na kitu cha kung'aa mgongoni. Giza la Dar huingia upesi baada ya magharibi, na dereva aliyetoka kazini amechoka kama wewe.

Yanayobaki hayako mikononi mwa mwendesha baiskeli. Wahandisi wa halmashauri, rudisheni mifuniko ya mitaro kabla masika hayajaanza, na mnapochora barabara mpya choreni njia ya baiskeli isiyoishia kwenye nguzo ya umeme. Nanyi madereva, mnapotupita tuachieni mita moja na nusu. Kama nafasi hiyo haipo, subirini nyuma yetu mpaka ipatikane.