Kitambaa Kilichonyooka, Ukuta Uliopinda

Pazia la kawaida lina utu. Ukishalitundika, marinda yake yanasitiri kila dhambi ya fundi ujenzi: kona isiyo kona, lipu iliyovimba, fremu iliyolala upande tangu siku mnahamia. Nunua kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha, na hakuna atakayejua kinachoendelea nyuma yake. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimeishi kwa sitara hiyo, na wenyewe tukajiona tumejenga.

Blaindi haina utu huo. Nazungumzia ile ya kitambaa, inayojiviringisha kwenye bomba la aluminiamu ukivuta mnyororo wa shanga za plastiki. Kitambaa kimekatwa kwa mashine, kimenyooka kabisa, na kikikaa mbele ya ukuta wa kwetu, kinachoonekana ni ukuta. Nimeishi na dirisha la sebuleni miaka yote bila kujua kuwa limepinda. Sasa najua, na kila mgeni anajua, maana pembeni kuna mwanya wa mwanga ambao juu unapitisha kidole na chini unapitisha kiganja.

Wazo halikuwa langu. Shemeji wa Mbezi aliziweka kwake, mama watoto akaenda kumtembelea, akarudi amenyamaza. Mliooa mnaujua ukimya huo. Jumamosi ikatukuta Kariakoo.

Kitambaa cha pazia huuzwa kwa mita, unakata kadiri ulivyojaliwa. Blaindi huuzwa kwa mita ya mraba, hesabu ambayo mimi nilidhani tuliachana nayo kwa amani shule ya msingi. Kijana wa dukani akaniuliza, "Mzee, ndani au nje?" Nikamwambia nje kuna nini, madirisha yako nyumbani. Kumbe anauliza kama blaindi itakaa ndani ya uwazi wa dirisha au itapigwa ukutani juu yake. Ikikaa ndani, akasema, upana unapimwa juu, katikati na chini, kisha unachukua kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Vipimo vitatu vya dirisha moja! Fundi alipokuja na futi kamba yake, vikatoka vitatu kweli, hakuna kinachofanana na mwenzake. Akavisoma kwa sauti, mama watoto akisikiliza, kama vile dirisha nililijenga mimi kwa mikono yangu.

Na hata ukipima kwa uangalifu wote, kitambaa chenyewe huwa chembamba kuliko nafasi ya bomba, kwa sababu ncha zote mbili zinahitaji vishikio na kile kigurudumu cha mnyororo. Kwa hiyo ule mwanya wa mwanga upo kwenye bei.

Juu ya dirisha kuna linta, zege lenye nondo. Dreli ilipofika huko ililia mpaka jirani akachungulia.

"Bosi, hapa kuna chuma," fundi akasema.

"Basi sogea."

"Nikisogea, bosi, natoka kwenye linta. Huku ni tofali."

Tofali zetu mnazijua: mchanga mwingi, saruji ya kunusishwa. Ncha ya dreli ikazama bila upinzani, plagi ya plastiki ikafuata, skrubu ikafuata, halafu vyote vikarudi kwa pamoja vikiwa vimeongozana na bonge la lipu, vikatua kwenye kochi. Nikamuuliza kama ana pima maji. Akaniambia yeye hutumia jicho.

Jicho lake lilikuwa na maoni yake. Haukupita muda kitambaa kikaanza kuhamia kushoto kila kikikunjwa, kikawa kinasugua kishikio hadi ukingo ukatoa nyuzi. Dawa ya kwanza ni kusawazisha vishikio. Vikishakaa sawa na kitambaa bado kinahama, unakishusha hadi bomba lionekane, unabandika kipande cha ule utepe wa karatasi wa wapaka rangi kwenye bomba, upande ambao kitambaa kinaukimbia. Bomba linanenepa kidogo pale, na kitambaa kinarudi. Imesaidia, sikatai. Ila kwa bei niliyolipa nilitegemea ugonjwa wa heshima zaidi.

Hayo yote ningeyasamehe. Nisichosamehe ni suala la upepo. Aliyebuni kitu hiki alikuwa na dirisha lililofungwa akilini mwake. Dar es Salaam dirisha kazi yake ni upepo, ndiyo maana tumeliwekea wavu wa mbu na nondo ili tuliache wazi usiku kucha. Kusi ikivuma, pazia hujaa hewa, hupepea, hutulia, na chumba kinapoa. Blaindi hujaa hewa yote kwa mkupuo, inaondoka ukutani, kisha inarudi na ile fimbo yake ya chini inagonga nondo: ko, ko, ko. Usiku wa kwanza mama watoto alinisukuma niende kuona nani anabisha hodi saa nane. Nikaenda na panga.

Njia ziko mbili. Upandishe blaindi, uwape majirani burudani. Au ufunge dirisha. Ukifunga dirisha unahitaji kiyoyozi, kiyoyozi kinahitaji LUKU, na LUKU inanihitaji mimi.

Kuhusu usafi, dada wa kazi ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko wote. Pazia unalivua, unaliloweka, unalifua, unalianika, jioni linarudi linanukia sabuni. Blaindi haifuliwi. Vumbi unalipangusa kwa brashi laini kuanzia juu kwenda chini. Doa unaligusagusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila kusugua. Kisha unaiacha ining'inie wazi mpaka ikauke kabisa, maana ukiikunja mbichi ukungu unaota humo ndani, hasa masika. Na ile ya kuzuia mwanga, yenye utando nyuma, ukiiloweka utando unabanduka. Dada akanisikiliza hadi mwisho, akatazama alama za vidole vya maharage ambazo kitinda mimba alikwishaziacha pale chini, akasema, "Baba, mmenunua kitambaa kisichofuliwa?" Nikakumbuka nina safari ya dukani.

Kwenye mnyororo sitanii. Kitanzi kile kikining'inia, mtoto anaweza kuingiza shingo, na watoto wamewahi kufa hivyo. Wamarekani tangu mwisho wa 2018 wanataka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari dukani zisiwe na kamba wala mnyororo ambao mtoto anaweza kuufikia. Za kwangu zilikuja na minyororo mirefu, pamoja na kidude cha plastiki cha kuibana ukutani, ambacho fundi alikiacha kwenye boksi akisema ni mapambo. Nilimrudisha akakifunga palepale, mnyororo ukakaza. Mtoto alikuwa ameshaufanya bembea ya mdoli.

Halafu mama mkwe akaja. Tulimkalisha kochi linalotazama dirisha kubwa, blaindi zikiwa zimeshushwa, rangi ya maziwa, mama watoto akingoja sifa. Mama mkwe akanywa chai, akatazama madirisha, akatazama tena, akamwinamia binti yake na kumuuliza kwa upole kama mapazia yako kwa dobi.

Hakuna aliyekanusha kwa wakati. Wiki iliyofuata bodaboda akaleta kifurushi: mapazia yake ya zamani, ya maua makubwa mekundu, yamefuliwa na kupigwa pasi, na salamu kwamba tujisitiri nayo hadi ya kwetu yatakaporudi. Atapita Jumapili ijayo kuona yamekaaje.

Mama watoto anasema mimi ndiye nimweleze. Mimi nasema mkwe haelezwi mambo ya namna hiyo. Nimempigia fundi aje na fimbo ya pazia, naye ana swali moja tu: ndani au nje?